Mtihani wa Ukurasa wa Tisa

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ninayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne, imelala chini kabisa ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, na kila ninapopekua sanduku hilo nikitafuta kitu kingine, vidole vyangu huikwepa kama vinavyokwepa mende aliyekufa. Imeandikwa kwamba katika kipindi changu cha majaribio nilionyesha bidii, utii na kukua kikazi. Bidii, sawa. Utii ulikuwepo, tena wa kupindukia. Hilo la tatu ndilo linalonitia kichefuchefu, kwa sababu ninajua vizuri nilikua kuelekea wapi.

Nilizaliwa milimani, upande wa Dindira, katika nyumba ambayo sufuria zilisuguliwa kwa majivu mpaka ukaona meno yako. Maji tulikinga kwenye mwamba, ya baridi na maangavu, na mama alikuwa na desturi ya kutunusa mikono kabla hatujakaribia chakula. Nilitoka hapo nikaenda shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu, na kote huko watu walifua, walipiga pasi na walifunika vyungu. Sikuwahi kufikiri kwamba usafi ni bahati ya kuzaliwa karibu na chemchemi. Nilidhani ni tabia yangu njema.

Halafu nikapangiwa Handeni.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kijiji nilichopelekwa kilikuwa hakijamaliza misimu miwili ya kilimo. Nyumba zilipangwa mistari, udongo wa kukandika bado mbichi, mti wa kukupa kivuli hakuna. Watu walikuwa wametolewa kwenye makazi yao ya zamani huko porini, mwendo wa saa moja au mbili, na makazi hayo sasa yaliitwa mahame. Maji tuliyapata lamboni. Ng'ombe wa Wamaasai waliingia upande mmoja, sisi tulichota upande wa pili, na katikati palikuwa na utando wa kijani uliokuwa ukipumua juani. Siku ya kwanza niliyachuja kwa kitambaa cheupe, na kitambaani wakabaki viluwiluwi wakirukaruka. Nikayachemsha, nikayachuja tena, nikanywa huku nimebana pua, nikatapika papo hapo mlangoni kwangu mbele ya majirani. Walinionea huruma na kunicheka kwa pamoja.

"Utazoea, mwalimu," wakasema.

Sikutaka kuzoea. Nilitaka kuthibitishwa, basi. Mwalimu wa majaribio hakuwa na ruhusa ya kuomba uhamisho, ila akishathibitishwa angeweza kuandika barua na kurudi Korogwe, apande zake mlimani akanywe maji ya kwao. Kila jioni nilihesabu miezi iliyobaki kwa kukwaruza ukuta nyuma ya kitanda, na nikasema moyoni kwamba kwa miezi hiyo nitaziba pua na kufanya ninaloambiwa.

Aliyekuwa akiniambia ni mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mswaki wa mti mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni. Alizungumza nao ukiwa mdomoni, aliutoa kuonyeshea ubaoni, akaurudisha. Wakati mwingine aliutumia kufunulia kurasa za rejesta, na ukurasa ukabaki na alama ya mate, nami nikatakiwa kuandika papo hapo juu ya unyevu ule. Katika rejesta aliandika mahudhurio ya wiki nzima siku ya Jumatatu ili, kama alivyosema, asije akasahau. Nilipomwuliza kama ndivyo inavyotakiwa, alicheka akanipiga piga begani kwa mkono uleule.

"Bado mbichi wewe," alisema. "Utakua."

Asubuhi nilifundisha darasa la tatu, na huko sina la kujilaumu zaidi ya ukali. Alasiri ndipo kazi nyingine ilipoanza. Kila mwalimu wakati ule alipewa darasa la kisomo, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na serikali ilikuwa imekwisha tangaza kwamba wajinga watakwisha nchini. Saa tisa watoto walipotoka, wazazi na mababu zao waliingia. Waliingia na harufu zao. Jasho la shambani, moshi wa kuni mbichi, maziwa yaliyoganda kifuani kwa wanaonyonyesha, na juu ya vyote ugoro. Waliuweka nyuma ya mdomo wa chini, nusu ya darasa, wanaume kwa wanawake, na baada ya muda mate yalipojaa waliyatema chini ya benchi. Sakafu ilikuwa ya udongo, ikayanywa, lakini haikuyamaliza. Siku ya kwanza nilikanyaga. Nilikuwa na raba nyeupe, zawadi ya kumaliza chuo, na doa lile la kahawia halikutoka tena hata kwa chokaa.

Tangu siku hiyo nilifundisha nikiwa nimesimama mlangoni. Ndivyo nilivyoamua na nikaona nimepata ufumbuzi wa maana sana. Mlangoni palikuwa na upepo. Nilishika kitabu changu, nikasoma sentensi kwa sauti, nao wakafuata. Nikasoma tena, wakafuata tena. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu apite kati ya madawati, aangalie kidole cha kila mwanafunzi kiko kwenye neno gani, amshike mkono anayeshika kalamu vibaya. Niliyakumbuka yote hayo, na sikuingia.

Benchi la mbele alikaa bibi mmoja mjane. Alikuwa Mzigua wa hapo hapo, mrefu, mkavu, kanga zake zimechujuka mpaka maandishi yake hayasomeki. Siku niliyowagombeza kuhusu kutema, wengine walinitazama kwa mshangao tu, lakini yeye aliinuka, akatoka nje, akatema mbali kwenye majani, akarudi kukaa. Ikawa ndiyo desturi yake. Alinipita pale mlangoni mara nne tano kwa kipindi kimoja, akisema "samahani, mwalimu" kila mara, nami nikajibana ukutani ili kanga yake isiniguse. Huo ndio ukaribu wetu.

Siku moja alinieleza kwa nini anasoma. Mume wake alikuwa amezikwa kwenye hame lao, na kando ya kaburi palikuwa na michungwa aliyoipanda yeye mwenyewe akiwa mwali wa siku za kwanza za ndoa. Michungwa hiyo ndiyo ilimlisha. Mdogo wa marehemu, shemeji yake, aliitaka. Mara tatu alimletea karatasi aweke dole gumba, na mara tatu alikataa. Karatasi ya mtu asiyejua kusoma ilikuwa na utaratibu wake pale kijijini: lazima isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, ndipo dole gumba lishuke. Kila iliposomwa, alisikia neno "michungwa" na akafunga ngumi.

"Lakini mashahidi wanakufa, mwalimu," aliniambia. "Wengine wananunuliwa. Mimi nataka niione mwenyewe kwa macho yangu inasema nini."

Nilimjibu kwamba atafaulu. Nilimjibu nikiwa nimegeuza uso pembeni, kwa sababu ya ule ugoro.

Na kweli darasa lile lilistawi, nami nikavimba kichwa. Baada ya miezi michache walikuwa wakisoma kitabu kizima. Waliyumba yumba kidogo kwenye mabenchi, mbele na nyuma, sauti zao zikipanda na kushuka pamoja, na watu wa njiani walisimama kusikiliza. Bibi yule aliupenda zaidi ukurasa wa tisa. Palikuwa na picha ya mwanamke ameshika jembe, na chini yake: "Hili ni shamba la mama. Mama analima shamba lake. Mama anavuna, watoto wanakula." Aliusoma bila kukwama, kichwa juu, kama mtu anayetoa shahada. Mwalimu mkuu alikuja kusikiliza, akautoa mswaki mdomoni kwa heshima.

"Unakua, mwalimu," alisema. "Unakua."

Niliandika barua nyumbani nikajisifu.

Ilikuwa alasiri ya mvua nilipogundua. Upepo uligeuka ukanipiga na maji pale mlangoni, ikanibidi niingie ndani kwa mara ya kwanza, nikasimama nyuma ya bibi. Alikuwa akisoma ukurasa wa tisa. Kurasa za kitabu chake zilikuwa zimegandamana, nadhani kwa uji wa mjukuu, akawa amefunua kadhaa kwa pamoja bila kujua. Kitabu kilikuwa wazi kwenye picha ya zizi la ng'ombe na maelezo ya samadi. Macho yake yalitulia kwenye samadi ile, na kinywa chake kikaendelea, wazi na bila wasiwasi: "Hili ni shamba la mama. Mama analima shamba lake."

Nikamwambia mzee aliyekaa pembeni yake asome. Akasoma vizuri. Nikakichukua kitabu chake, nikakigeuza miguu juu kichwa chini, nikamrudishia. Akasoma vizuri vilevile, akiyumba mbele na nyuma. Nikazunguka darasa zima, nikisahau hata kuziba pua, nikiziba maneno kwa kiganja, nikionyesha neno moja moja kwa kidole. "Hili ni neno gani?" Walinitazama wakiwa wamechoka nami. Neno moja peke yake lilikuwa na faida gani? Wangewezaje kulijua bila kuanzia mwanzo?

Wala hawakuwa wakinidanganya. Hilo ndilo watu hawanielewi ninapolisimulia. Wote wale walipitia chuo cha Kurani wakiwa watoto. Mwalimu wao alitamka, wao wakafuata, siku baada ya siku, mpaka sura ikakaa kifuani, na aliyeimaliza sura bila kukosea alipikiwa wali, akapongezwa. Wachache wakaendelea mpaka kuzitambua herufi, wengi wakaishia hapo na hakuna aliyewaona wamepungukiwa. Kisha nikaja mimi na kitabu kingine, nikasimama mbali mlangoni, nikatamka, wakafuata. Walifanya kwa uaminifu wote kile walichojua ndiyo kazi ya darasani. Ningewatembelea kwenye mabenchi hata siku moja tu ya wiki ya kwanza, ningeliona. Pua yangu ndiyo iliyowafundisha.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kabla ya mvua kukatika. Alikuwa akila embe, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikamweleza kwamba hawajui kusoma hata mmoja, kwamba mtihani wa kisomo umebaki wiki tatu, kwamba tuombe usogezwe na nianze upya. Alisikiliza huku akinyonya kokwa. Alilinyonya mpaka nyuzi zikasimama, akalitupa dirishani.

"Wanasema maneno yaliyomo kitabuni?"

"Wanasema, lakini hawayaoni."

"Basi wanasoma." Akajifuta mkono kwenye ukuta. "Mwalimu, tarafa yote imekwisha andikwa kwamba wajinga wamepungua. Sasa wewe mtoto wa juzi ndiye utawarudisha? Na ripoti yako ya majaribio nani anaiandika?"

Alijua ninataka nini, wilaya nzima ilijua, maana sikuwa nimeficha jinsi ninavyoyachukia maji yao.

"Kila mmoja ana ukurasa wake anaoupenda," akasema kwa upole, na upole ule ulinichafua roho kuliko embe. "Tengeneza orodha. Huyu wa nne, yule wa saba. Siku ikifika, unamfungulia mtu ukurasa wake. Huko ndiko kuwajua wanafunzi wako. Chuoni hamkufundishwa?"

Nilitengeneza orodha. Niliitengeneza kwa mwandiko mzuri, nikaipigia mistari kwa rula. Bibi nilimwandikia wa tisa. Ningeweza kusema nililia usiku ule, lakini sikulia. Nilikwaruza ukuta nyuma ya kitanda, nikalala.

Siku ya mtihani ngoma zilipigwa tangu asubuhi. Mratibu wa elimu alifika na Landrova, akapewa kiti chenye mto na maji ya kunawa yaliyochujwa na mimi, kwa kitambaa changu. Nilikaa mezani kando yake, kitabu mbele yangu, orodha mapajani. Mtu alipoitwa, nilifungua ukurasa, nikamsogezea. Walighani mmoja baada ya mwingine. Mratibu alikuwa mtu mwerevu. Kwenye yule wa tatu au wa nne niliona anatazama kidole cha msomaji kilichosimama mahali pamoja wakati sauti ikikimbia mbele. Alikitazama kidole, akanitazama mimi, kisha akatazama nje dirishani, na hakurudisha macho mezani mpaka mwisho. Aliweka alama zake akiwa anaangalia mbuzi wakipanda kichuguu. Hata yeye alikuwa na barua anayoingoja, bila shaka.

Bibi alipomaliza ukurasa wa tisa watu walipiga vigelegele. Akaandika na jina lake ubaoni, ambalo alilijua kama mtu anavyojua kuchora nyumba, kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Mratibu alimpa cheti mkononi, akasema mbele ya wote kwamba mama huyu sasa amefunguka macho. Bibi alikishika kwa mikono miwili. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata, akacheka bila kufunika mdomo, meno yote yamegeuka kahawia kwa ugoro. Nikainama, nikaikunja orodha nikaitia mfukoni.

Nilikusudia kumfundisha upya kimyakimya. Nilisema nitaanza baada ya mavuno, kisha baada ya likizo. Darasa la kisomo lilikuwa limefungwa kwa ushindi, mabenchi ya alasiri yakabaki matupu, harufu ikaisha, na nakiri kwamba niliufurahia upepo.

Shemeji mtu hakulala. Baada ya watu kuhamishwa, kwenda kwenye hame kulihitaji kibali cha kijiji, ili watu wasirudi kuishi huko. Machungwa yalipoiva, shemeji alimfuata bibi akamwambia amemwombea kibali cha kwenda kuvuna, anatakiwa tu kutia sahihi ofisini. Bibi akaenda. Kulikuwa na watu wakingoja zamu zao. Kwa kawaida katibu wa kijiji angesimama na kusoma kwa sauti, mashahidi wawili wangeitwa. Safari hii alimpa karatasi mkononi.

"Wewe si msomi, bibi?" alimwambia, na watu wakacheka kwa furaha, maana walimwonea fahari. "Jisomee mwenyewe."

Aliishika karatasi. Walioshuhudia walisema aliitazama muda mrefu, midomo ikimcheza. Angefanya nini? Cheti chake kilikuwa ukutani kwake, kimetundikwa kwa mwiba, kijiji kizima kimekwenda kukiona. Akaandika jina lake, kutoka pembe hii mpaka pembe ile.

Alipofika kwenye hame na kapu lake alikuta shemeji amekwisha weka watu wa kuchuma.

Shauri lilipelekwa kwenye baraza la usuluhishi. Wazee wa baraza walikaa katika darasa langu, kwa kuwa ndilo lililokuwa na mabenchi. Bibi alikaa palepale mbele alipozoea. Shemeji alileta karatasi, na mwenyekiti wa baraza, mzee mtaratibu mwenye kofia ya kiua, akaisoma kimya kimya. Bibi alieleza kwamba aliambiwa ni kibali cha kuvuna. Shemeji akasema hakumwambia lolote, kwamba karatasi ilikuwa mkononi mwake naye aliisoma mbele ya watu, na kwamba kama angekuwa hajui kusoma wangemsomea kama ilivyo kawaida.

"Cheti kipo ukutani kwake," alisema. "Au cheti cha serikali ni cha uongo?"

Mwenyekiti aliona tatizo lilipo. Alikuwa mtu wa haki, nadhani, na alinigeukia mimi akiwa na matumaini.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemfundisha. Tuambie. Huyu mama anaweza kusoma karatasi kama hii, au hawezi?"

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma yangu. Niliusikia mswaki wake ukisugua, kwa taratibu, upande mmoja, kisha upande wa pili. Jalada langu la majaribio lilikuwa mezani kwake, limebakiza sahihi. Nilijua nikisema hawezi, mtihani wote unaanguka, orodha inafichuka, mratibu anaumbuka, na mimi ninabaki kando ya lambo lile maisha yangu, kama si kufukuzwa. Niliviona kichwani vikwaruzo vyangu vya ukutani, bado jioni nne tu. Nilimwona bibi pia. Alikuwa ananitazama, na nilichokiona usoni mwake sikukitegemea. Hakuwa ananiomba niseme hawezi. Alikuwa anaogopa nisije nikamwaibisha mbele ya watu.

"Anajua kusoma," nikasema.

Bibi akanyoosha mgongo, akaivuta kanga yake vizuri mabegani. Mwenyekiti aliandika, akafuta kalamu, akasema basi, sahihi ya mtu anayejua kusoma ni kauli yake. Michungwa ikaenda. Baadhi ya wanawake walitoka wakisonya, sijui walimsonya nani. Mwalimu mkuu alinipita akanigusa begani.

"Sasa umekuwa mwalimu," alisema.

Nilijichelewesha kutoka. Nilipanga chaki zilizokuwa zimekwisha pangwa. Nilipofika mlangoni, pale pangu pa upepo, bibi alikuwa amesimama nje ananisubiri, ameshika nakala ya karatasi aliyopewa na baraza. Alinipa.

"Sasa nisomee, mwanangu. Inasemaje?"

Nikamsomea. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ile ya darasani. Ilisema kwamba yeye, mjane wa marehemu fulani, kwa hiari yake, anamwachia shemeji yake michungwa yote, pamoja na kiwanja na kila kilichomo, kaburi likiwemo. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliichukua karatasi, akaitazama tena, akaigeuza upande wa pili ambako hakukuwa na kitu, akaitazama huko pia.

"Kumbe," alisema. Kisha akaniuliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa mimi kule darasani nilikuwa nafanya nini?"

Nilikuwa nimefundishwa kujibu maswali ya wanafunzi. Alingoja, kisha akasogeza ugoro kwa ulimi. Mtu yule ambaye kwa miezi yote ile aliinuka kwenda kutema mbali majanini kwa ajili yangu, safari hii hakwenda. Alitema palepale, kwenye raba zangu, akakunja karatasi yake akaondoka. Sikusogeza mguu.